Nikivuka mto nikanunue Oregon nirudi nayo Washington, kodi nimeikwepa au bado nadaiwa?

Mvuka_Daraja
Wakuu habari zenu. Naomba mwenye uelewa anisaidie maana kila ninayemuuliza ananipa jibu lake. Tumehamia Vancouver, hii ya jimbo la Washington sio ile ya Canada, tumetokea Ohio. Sasa hapa ng'ambo ya mto Columbia ni Portland, Oregon, na Oregon haina kodi ya mauzo hata senti, unachokiona kwenye bei ndicho unacholipa, wakati huku kwetu ukifika kaunta wanakuongezea karibu asilimia 9. Kwa hiyo mpango wangu ulikuwa rahisi tu, makochi, vitanda, kompyuta, vyote nivuke nikachukue huko, halafu mke wangu anahitaji gari, tumeliona moja kwa dila wa Portland kama dola 20,000 hivi, ukipiga hesabu hiyo asilimia 9 ni dola 1,800, si mchezo.

Jamaa ninayefanya naye kazi akaniambia nisijidanganye, kuna kitu kinaitwa kodi ya matumizi, unadaiwa hata kama duka halikukukata. Mimi nilijua kodi inaishia dukani, ukishapewa risiti mmemalizana. Sasa hii ni kweli au vitisho? Na kama ni kweli serikali inajuaje nimenunua kochi? Shemeji yangu anaishi Portland anasema gari niliandikishe kwa anwani yake, biashara iishe.

Karani_Tacoma
Karibu Washington ndugu. Jamaa yako hajakudanganya. Mimi natunza vitabu vya hesabu vya biashara ndogo ndogo kwa hiyo hili nalikuta kila mwezi.

Iko hivi. Marekani hakuna VAT ya taifa zima, serikali kuu haigusi mauzo ya dukani, kila jimbo linajipangia lake. Majimbo 45 pamoja na jiji la Washington DC yana kodi ya mauzo, matano hayana: Oregon, Montana, Delaware, New Hampshire na Alaska, ingawa Alaska miji yenyewe inaruhusiwa kutoza. Juu ya kiwango cha jimbo, kaunti na miji inaongeza chake, ndiyo maana hapa jimbo linachukua 6.5 lakini Seattle unakuta imevuka 10. Na inakatwa mara moja tu, pale mtumiaji wa mwisho anaponunua. Mwenye duka akinunua mzigo wa kwenda kuuza anampa msambazaji cheti cha kwamba anauza tena, hakatwi.

Sasa kodi ya matumizi ndiyo pacha wa hiyo. Jimbo la Washington haliwezi kutoza mauzo yaliyofanyika Portland, hayo yako nje ya mipaka yake. Linachofanya ni kutoza wewe KUTUMIA hicho kitu ndani ya Washington, kwa kiwango kilekile cha mahali unapokitumia, kama hukulipa kodi ya mauzo ulikonunua. Ukiwa umelipa jimbo lingine, kile ulicholipa kinatolewa, unamalizia tofauti tu. Oregon hukulipa kitu kwa hiyo unadaiwa yote.

Na kesi yenyewe iliyoihalalisha ilitoka hukuhuku. Miaka ya 1930 uchumi ulipoanguka majimbo yakakimbilia kodi ya mauzo, watu wakaanza kuvuka mipaka kununua na wenye maduka wa ndani wakapiga kelele. Makandarasi waliokuwa wanajenga bwawa la Grand Coulee, mto huohuo wa Columbia unaouvuka wewe, walikuwa wamenunua mitambo nje ya jimbo, wakagoma kulipa kodi ya kuitumia hapa. Mwaka 1937 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema jimbo liko sawa. Kwa hiyo hii kitu sio ya juzi.

Mkorofi_Kiasi
Karani umesema vizuri lakini tuambiane ukweli, NANI analipa? Mimi niko huku miaka mingi sijaona mtu amepanga foleni kulipia kodi ya matumizi ya kochi. Sheria ipo kwenye karatasi. California na New York wameweka mstari kwenye ritani ya kodi ya mapato ya jimbo ujaze mwenyewe ulinunua vya nje vya kiasi gani, California mpaka wana jedwali, kwa vitu vya chini ya dola 1,000 kimoja unaangalia kipato chako kinakuambia weka kiasi hiki, yaani wameshakata tamaa ya risiti zako. Na Washington sisi wa mishahara hatujazi ritani ya mapato ya jimbo, huo mstari utawekwa wapi? Ni wewe mwenyewe ujipeleke idara ya mapato na fomu yao ukasema jamani nimenunua kitanda. Kochi halina namba ya usajili bwana.

Karani_Tacoma
Mkorofi sibishani na wewe kwamba wengi hawalipi. Ila "hawanikamati" na "sidaiwi" ni vitu viwili, na yeye ameuliza vyote. Kochi unadaiwa, fomu ipo na unaweza kulipa mtandaoni kwenye tovuti ya idara, kukugongea mlango kwa kochi moja sidhani. Biashara ndiyo wanabanwa haswa, mkaguzi akija kitu cha kwanza anaomba ni risiti za manunuzi ya nje, meza, kompyuta, mashine, anaweka tiki moja moja, hapo hakuna kujificha. Gari nalo ni habari nyingine kabisa.

Babu_wa_Katalogi
Niongezee kidogo hapo maana Mkorofi amegusa penyewe bila kujua. Majimbo yamejua toka zamani kwamba mnunuzi mmoja mmoja hakamatiki, akili yao yote imekuwa kumgeuza MUUZAJI awe mtoza kodi wao. Ugomvi ukawa muuzaji wa jimbo lingine unamlazimishaje.

Mwaka 1967 Illinois walijaribu kwa kampuni iliyokuwa inauza kwa katalogi za posta, Mahakama ya Juu ikakataa. 1992 North Dakota wakajaribu kwa Quill, wauza vifaa vya ofisi, wakakataliwa tena, ikabaki kwamba kama muuzaji hana duka wala ghala wala mfanyakazi ndani ya jimbo huwezi kumlazimisha akukusanyie. Sasa fikiria intaneti inakuja juu ya sheria hiyo. Miaka kibao watu wananunua mtandaoni wanaona "bila kodi" wanadhani ni ofa, kumbe kodi ya matumizi wanadaiwa wao kimyakimya, na duka la mtaani linaonekana ghali wakati linachofanya ni kufuata sheria. Amazon wenyewe walianza jimbo moja moja mpaka 2017 ndiyo wakawa wanakata kwenye majimbo yote 45.

Mwaka uliofuata South Dakota ndio waliomaliza ubishi. Hawana kodi ya mapato hao, kodi ya mauzo ndiyo ugali wao, wakatunga sheria kwa makusudi ili washitakiane: ukiuza ndani ya jimbo zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka au oda 200, unakusanya, hata kama hujawahi kukanyaga huko. Wakawaburuza mahakamani Wayfair, Overstock na Newegg, wauzaji wa mtandaoni hao. Tarehe 21 Juni 2018 Mahakama ya Juu ikaamua kura 5 kwa 4, jaji Kennedy ndiye aliyeandika, ile kanuni ya 1992 ikafutwa. Majimbo mengine yakafuata mbio mbio, Missouri wakawa wa mwisho kuanza, Januari 2023. Ndiyo maana siku hizi kila ukinunua mtandaoni kodi ipo tu kwenye risiti na hata huulizi.

BiShanga_Dallas
Hapo kwa wauzaji babu ndipo penye kilio. Mimi nauza shanga na vikapu, kidogo kwenye tovuti yangu na kidogo kwenye masoko makubwa ya mtandaoni. Yale masoko hayanisumbui, sheria inawataka wao wenyewe wakate kodi na kuipeleka kwa niaba yetu sisi wauzaji wadogo, hela ya kodi siioni wala sitaki kuiona. Tovuti yangu ndiyo kazi. Texas niko mwenyewe hapa kwa hiyo kibali nahitaji hata nikiuza kikapu kimoja, jimbo linataka 6.25 na mji na wenzake wanaongeza hadi isizidi 8.25. Majimbo mengine lazima niangalie nimeuza kiasi gani huko, wengi wao kiwango ni dola 100,000, California na Texas wameweka 500,000, wengine wanahesabu na idadi ya oda, wengine wameifuta hiyo ya oda, South Dakota wenyewe walioianzisha waliifuta 2023. Bado sijafikia popote zaidi ya kwetu lakini naangalia.

Halafu kila jimbo lina lake la nini kinatozwa. Minnesota nguo hazitozwi, Pennsylvania hivyohivyo, New York nguo mpaka ifike dola 110 ndiyo jimbo linaanza kukata. Chakula cha kupika nyumbani majimbo mengi wameacha lakini sio yote. Sasa kitenge ambacho hakijashonwa ni nguo au ni kitambaa? Nimeona watu wakigombana kabisa, mimi naacha programu iamue.

Na nyinyi mnaoanza biashara sikilizeni, hela ya kodi mliyomkata mteja SIO YENU. Ni ya jimbo, wewe umeshikishwa tu. Mtu anaona akaunti imenona analipia kodi ya pango, mwezi wa kupeleka ukifika hana, na hapo hawakufuati kama wanavyofuata deni la kawaida, wanaweza kukufuata wewe binafsi hata kama ulifungua kampuni. Ukipeleka kwa wakati Texas wanakuachia asilimia 0.5 kama asante, mimi yangu haijawahi kutosha hata chakula cha mchana lakini naichukua.

Mvuka_Daraja
Asanteni sana, nimeelewa kuliko nilivyotegemea. Maswali mawili tu. Makochi, kuna duka la Portland wanasema wanaleta mpaka nyumbani Vancouver, hiyo inakuwaje? Na gari, hiyo ya shemeji mmeniruka.

Jirani_wa_Portland
La makochi jepesi. Duka likikuletea Washington mauzo yanahesabiwa yamefanyika pale unapopokelea, na kama duka lina usajili huko kwenu watakukata kodi ya Washington kwenye risiti ileile. Ukienda mwenyewe ukabeba na lori lako hawakukati, ila unadaiwa kama alivyosema karani. Angalia tu usije ukalipa gharama ya kuletewa ukidhani umeokoa.

La shemeji kaka ACHANA NALO kabisa. Mimi naishi upande huu na hayo magari nayaona, namba za Oregon kila usiku yamelala Vancouver. Ukishakuwa mkazi wa Washington una siku 30 kuandikisha gari huko. Kuliandikisha jimbo lingine ili ukwepe kodi ni kosa la jinai kule, sio faini ya maegesho, na polisi wa jimbo wanapokea taarifa kutoka kwa majirani. Jirani mmoja tu asiyependa mnavyopaki imekwisha. Na shemeji naye umemwingiza, bima nayo umeidanganya gari linalala wapi, siku ya ajali ndiyo utajua.

Kinyume chake pia kipo, sisi wa Oregon tukinunua huko kwenu zamani tulikuwa tunaonyesha kitambulisho tu kaunta hatukatwi. Tangu Julai 2019 unalipa kwanza halafu unaomba urudishiwe sehemu ya jimbo, mara moja kwa mwaka, na lazima ifike angalau dola 25. Mimi sijawahi kuhangaika nayo.

Mkorofi_Kiasi
Kwenye gari hata mimi nanyoosha mikono. Lipa bwana.

Karani_Tacoma
Hata ungetaka kukataa gari usingeweza, maana unaenda kuliandikisha upate namba, na pale dirishani ndipo wanapokata kodi ya matumizi, hulipi hupewi namba. Ni majimbo karibu yote yenye kodi hii wanafanya hivyo, gari na boti ndizo kodi ya matumizi inayokusanywa kweli kweli. Kwa hiyo hiyo 1,800 iweke kwenye bajeti. Kununua Portland bado unaweza kama bei yenyewe ni nzuri, linganisha tu na madila wa huku ukiwa umeshajumlisha kodi pande zote mbili.

Swali langu kwako: hapo ulipoandika "mke wangu anahitaji gari" nahisi wewe unalo ulilokuja nalo kutoka Ohio, au?

Mvuka_Daraja
Ndiyo lipo, nilinunua Ohio kama miaka mitatu iliyopita. Usiniambie na lenyewe.

Karani_Tacoma
Hapana, hilo umepona. Gari ulilolimiliki na kulitumia ukiwa mkazi wa jimbo lingine zaidi ya siku 90 kabla hujahamia hapa halitozwi kodi ya matumizi, unalipa ada za kawaida za usajili tu. Lingekuwa jipya chini ya hapo wangekutoza, ila wangetoa kile ulicholipa Ohio. Nenda na kadi ya usajili ya Ohio yenye tarehe na hati ya umiliki, kama unayo risiti ya ununuzi beba pia. Na usingoje sana, zile siku 30 zimeshaanza kuhesabika toka ulipochukua nyumba.