Naomba ushauri: nakala ya Juan Gris kwenye fremu, Dodoma

Mkazi_Kisasa: Wakuu, habari za jioni. Nataka nakala ya mchoro wa kyubizimu (ule mtindo wa kuvunja vitu kuwa vipande vya maumbo) sebuleni, ile meza ya Juan Gris yenye kitambaa cha drafti, ya 1915. Ukubwa A1, fremu ya mninga, kioo. Fundi kasema 380,000. Nimepigwa?

Ngoma_Nzito: Januari iko mlangoni, ada hujalipa, unawaza meza ya Mspania.

Kioo_na_Mbao: Bei baadaye. Faili ya picha ina pikseli ngapi, yaani nukta zinazoiunda?

Mkazi_Kisasa: Fundi ni mtu wa uhakika, mkuu. Mninga mnauonaje?

Kioo_na_Mbao: Mzuri, ila uwe mkavu. Mbao mbichi kwa kiangazi cha hapa inasinyaa, pembe zinaachia. Nyuma azibe kwa karatasi na gundi pande zote nne, vumbi lisipenye. Pikseli ngapi?

Bi_Makole: Kolo kule Kondoa kuna michoro ya miambani, urithi wa dunia tangu 2006. Piga picha pale, weka ukutani, umemaliza.

Mkazi_Kisasa: Haya. 1,080 kwa 1,410, niliipakua kwa simu. Na advansi nimeshatoa, fremu imekatwa. Lakini kwenye simu inaonekana safi kabisa!

Kioo_na_Mbao: Ndiyo maana niliuliza. A1 ni sm 59.4 kwa 84.1, kwa hiyo unapata pikseli 46 kwa inchi. Ya kutazamwa kwa karibu inataka 300. Ya ukutani, 150 inatosha. Halafu mchoro wenyewe ni sm 116.5 kwa 89.2, haulingani na umbo la A1. Akiujaza kwenye fremu, ama akate karibu sm 5 za upana, ama auvute. Akiuvuta, yale maduara meusi na meupe upande wa kushoto yatakuwa yai, na hayo ndiyo jicho la fahali aliyefichwa mle: kikombe ndiyo pua, chupa sikio, kingo za gitaa pembe.

Ngoma_Nzito: Fahali tena? Hii chai. Huyu ni fundi mmoja, akaunti mbili, anatafuta wateja. Leta risiti.

Mkazi_Kisasa: Risiti ina jina langu, siiweki.

Bi_Makole: Nimeikuza picha. Pembe zipo kweli jamani.

Kioo_na_Mbao: Chai au si chai, fremu isitupwe. Chapa sm 46 kwa 60, faili isipungue 2,717 kwa 3,543, wino wa pigmenti (usiofifia haraka), karatasi ya pamba isiyo na asidi. Paspatu, ile kadi inayozunguka picha ndani ya fremu, iachie sm 6.7 kila pembeni, juu 11.5, chini 12.6. Picha ishikwe kwa tepu mbili juu tu. Ikigandishwa pande zote karatasi inafanya mawimbi. Kioo cha milimita 2 peke yake kina kilo 2.5, hivyo skrubu mbili, si msumari. Ukuta gani?

Mkazi_Kisasa: Unaopigwa na dirisha la magharibi. Ule mwingine una TV, na mama watoto hataki ihamishwe.

Kioo_na_Mbao: Basi pazia zito kuanzia saa nane mchana, au ulipie kioo cha kuzuia miale ya UV, ile ya jua inayofifisha rangi.

Ngoma_Nzito: Risiti.