Pikapu na tela Uingereza: leseni na namba zikoje?

Wakuu, nina pikapu yenye uwezo wa kuvuta kilo 3,500. Leseni yangu ni kundi B la hapa, yaani ya magari madogo. Tela la ekseli mbili lahitaji usajili wake? Na mtihani wa BE, ule wa kuvuta tela zito kwa gari dogo, bado upo?

Fundi_Leicester: Mtihani wa BE uliondolewa 16 Desemba 2021. Kwa B unavuta tela la hadi kilo 3,500 za uzito wa juu ulioidhinishwa. Tela halisajiliwi, nyuma unabandika kibao cha njano chenye namba ya pikapu. Likizidi kilo 750 lazima liwe na breki. Waya wa dharura, ule unaokaza breki za tela likichomoka, ufunge mahali imara: ukiulegeza ukaburuta chini utakatika, ukiubana sana breki zitashika kwenye kona.

Mzigo_Mzito: Wengi hunaswa kwenye uzito wa pikapu na tela kwa pamoja, sio leseni. Soma kibati cha VIN, kile chenye namba ya chasisi na viwango vya uzito. Kikisema kilo 6,000 kwa vyote viwili na pikapu iliyopakiwa ina 3,200, tela linabaki na 2,800 tu, hata kama tangazo la gari linajigamba 3,500.

Fundi_Leicester: Kweli kabisa. Na ukilitumia kibiashara, pikapu na tela vikizidi kilo 3,500 kwa pamoja, ulizia takografu, kifaa kinachorekodi saa za dereva, kabla hujaanza kazi. Ukivuka kwenda Ufaransa kibiashara, tela la zaidi ya kilo 750 lisajili kwanza DVLA, wakala wa serikali wa leseni na usajili wa magari.

Mzigo_Mzito: Ukiwa na tela, motowei mwisho maili 60 kwa saa, na penye njia tatu au zaidi ile ya kulia kabisa usiiguse.