Karani kakataa kuandika cheti cha sungura

Mama Pacha, South C
Shikamooni wakubwa, wengine habari za leo. Asubuhi nimeenda ofisi ya mifugo hapa Nairobi kuomba cheti cha afya cha mnyama. Jumamosi tunarudi Arusha kupitia mpaka wa Namanga, na watoto hawapandi gari bila sungura wao. Karani kachungulia kikapuni, kasema "huyu mgonjwa, siandiki", kanisukumia fomu. Sungura ana wiki saba. Majani kayaacha tangu jana jioni, vinyesi vichache, vidogo kuliko mbegu za papai. Kweli anaumwa au karani alitaka chai? Na fomu inapelekwa dirisha gani, au siku hizi ni mtandaoni, kwenye eCitizen ya serikali?

Kaka wa Umoja
Pole dada. Kibali changu cha kazi, daraja D, kilikaa miezi mitano, kila nikienda ni "rudi wiki ijayo". Sungura wa kwetu nilimkuta usiku anakula kinyesi chake, nikajua minyoo.

Bi Mkubwa, Eastleigh
Marahaba. Kaka, usipotoshe watu. Kinyesi kile laini sungura lazima akile, ndiyo afya yake. Mama Pacha, fomu weka kando. Tangu jana jioni hajala, huyo si wa kungoja kesho. Utumbo wa sungura ukisimama hujaa gesi, na kutapika hawezi. Mpapase: tumbo gumu kama ngoma? Kajikunja pembeni, macho nusu? Anasaga meno? Masikio ya baridi? Wangu wawili walinifia hivyo hivyo, nikisema kukicha nitampeleka.

Mama Pacha
Kajikunja. Meno nilidhani anatafuna. Nyuma kumelowa.

Fundi, Kawangware
Mtoto wa sungura akilowa nyuma mara nyingi ni koksidia, vimelea vya utumboni, anaipata kwenye majani yaliyochafuliwa na vinyesi. Mpe amoksilini ya watoto, ile ya maji.

Bi Mkubwa
USIMPE! Amoksilini ya kumeza inavuruga vijidudu vizuri vya tumboni mwake, anaharisha mpaka anakufa. Koksidia ina dawa zake na daktari ndiye wa kupima kinyesi. Fundi, tengeneza friji, sungura tuachie sisi. Mama Pacha, nenda Kabete, kitivo cha mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Funga vinyesi kwenye karatasi uende navyo, na kikapuni tia nyasi kavu.

Mzee wa Ngara
Mnalia cheti cha sungura! Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa hata kwa watu, hadi 1983. Leo Jumuiya imefufuka, bendera tunayo, wimbo tunao, sungura hapiti. Kwetu Tengeru, karibu na Arusha, mtoto anakata majani nyuma ya nyumba, sungura anakula, hakuna dirisha.

Kaka wa Umoja
Mzee umenikumbusha ndizi za Tengeru.

Fundi, Kawangware
Friji sitengenezi, mimi ni fundi umeme.

Mama Pacha
Niko Waiyaki Way, foleni haisogei. Nimemweka kifuani ndani ya kanga. Meno bado anasaga.

Bi Mkubwa
Shuka upande boda.