Skaveta ya tani 21 kwenye flati, Mbeya kwenda Chunya: minyororo minne inatosha?

Kijana wa Igurusi

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi.

Naendesha semi, tela ni flati, yaani bapa lisilo na kuta, la ekseli tatu. Kazi yangu ya siku zote ni mchele wa Igurusi na saruji, magunia nafunga bila kufikiria. Sasa bosi amepata kazi ya kupeleka skaveta, mtambo wa kuchimba, machimboni Chunya, Ijumaa. Lobedi, yale matela ya chini ya kubebea mitambo, alizoulizia zote ziko safarini. Skaveta ina tani 21, ipo yadi Uyole, imetoka kuchimba mifereji na cheni zake za kutembelea zimejaa tope. Nina minyororo minne ya milimita 10 na racheti zake za kukazia, pamoja na mikanda sita ninayofungia magunia.

Bosi anasema inatosha, kitu kizito kile hakiendi popote. Mimi roho inasita. Ule mlima wa kutokea Isanga naujua, na utingo wangu ni mtoto wa dada yangu. Aliyewahi kubeba naomba aniambie.

Semi ya Makambako

Mdogo wangu usijitie hofu. Mimi nabeba nguzo za umeme kutoka Mafinga mwaka wa nane huu. Pitisha mnyororo juu ya cheni za skaveta, miwili kila upande, kaza mpaka springi za tela zilie. Mikanda ongezea kwenye mkono wa skaveta. Nenda taratibu. Uzito wenyewe ni breki.

Mzee wa Kitonga

Marahaba kijana. Roho yako imekuambia kweli. Na wewe Makambako, naiheshimu kazi ya nguzo, ila hapo kwenye "uzito wenyewe ni breki" ndipo nilipokosea mimi, nikanusurika kuua.

Ilikuwa masika. Nilipakia skaveta ya ukubwa huohuo Chunya kurudi Mbeya. Minyororo minne mipya, nimeipitisha juu hivyohivyo, nikaona nimemaliza. Cheni sikuziosha. Tumeshapita msitu wa Kawetere, tunaanza kuteremkia mjini, kwenye kona nikakuta lori la mkaa limezima katikati ya njia. Nikakanyaga breki, wala si ya kufunga matairi. Nyuma nikasikia mlio kama mtu anaburuta kabati la chuma sakafuni.

Niliposhuka, skaveta ilikuwa imesogea mbele viganja viwili na imepinda, nusu ya cheni ya kushoto ipo hewani nje ya tela. Hakuna mnyororo uliokatika. Yote minne ilikuwa imelala kuelekea mbele kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na kwenye bodi umebaki mchirizi wa tope jekundu, laini, linang'aa kama grisi. Nilikaa pembeni ya barabara muda mrefu kabla miguu haijakubali kusimama.

Mnyororo ulioupitisha wima juu ya mzigo unabana chini tu. Mzigo ukitaka kwenda mbele unaulaza kwanza, na kabla mnyororo haujaanza kuvuta, mzigo umeshatembea.

Hesabu yake ni hii. Ulaya, wanapopanga ufungaji wa mizigo, wanachukulia kwamba breki kali inausukuma mzigo mbele kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake, na kona inausukuma pembeni kwa asilimia 50. Kwa skaveta yako, breki hiyo ni karibu tani 17, na zinaelekea mgongoni kwako na kwa huyo mpwa wako. Ukiweka raba ya kuzuia utelezi chini ya cheni, raba inahesabiwa kushika asilimia 60 ya uzito, yaani tani 12 na nusu hata hujagusa mnyororo. Zinabaki kama tani nne na kidogo. Chuma chenye tope juu ya chuma, shukuru ukipata asilimia 10. Hapo ni tani mbili, na karibu 15 zinabaki kwa minyororo. Sasa mnyororo wa milimita 10 wa daraja la 8, yaani kiwango cha uimara wa chuma chake, umepimwa kufungia tani 6.3 ukiwa umenyooka kwenye mvuto. Ukiushusha kwa nyuzi 45, kwa mlalo unabaki na kama 4.4. Inayozuia skaveta isiende mbele ni ile miwili inayovuta kuelekea nyuma, yaani pungufu ya tani tisa. Kwa raba unafika Chunya. Kwa tope hufiki.

Kwa hiyo anza chini. Osha cheni, kwangua kwa chepe katikati ya vyuma, fagia bodi ikauke. Mimi natumia vipande vya mkanda wa konveya uliochakaa, visivyo na mafuta. Kisha funga kwa pembe: miwili ya mbele ivute kuelekea mbele, miwili ya nyuma ivute kuelekea nyuma, kila mmoja umeshika kwenye fremu, pale penye matundu au alama za kufungia alizoweka mtengenezaji. Mkono ulaze, baketi ikae kwenye mbao, nayo iwe na mnyororo wake. Marekani hilo ni sheria: mtambo wa zaidi ya kilo 4,536 ufungwe sehemu nne au zaidi, na mkono ushushwe na kufungwa. Kwa hiyo tafuta wa tano. Weka pini ya kuzuia kichwa cha skaveta kisizunguke. Mikanda yako ya magunia usiitegemee, ukingo wa chuma unaikata kama kisu.

Skaveta za tani hizo huwa pana kuliko tela, bosi wako ashughulikie kibali mapema. Na kama Ijumaa inaweza kusogea mpaka lobedi irudi, isogee. Flati inauweka mzigo juu mno kwa kona zile.

Mama Fundi Soweto

Mwanangu, kabla ya yote hayo kagua minyororo yenyewe. Wiki iliyopita nimeletewa mmoja ambao pingili yake iliunganishwa kwa kuchomelewa. Chuma cha daraja la 8 kimepikwa kiwandani kikapata ugumu wake. Ukikichomelea, moto unauondoa ugumu huo, na kwa macho utaona mnyororo mzima. Pingili iliyovutika, iliyoliwa au yenye alama ya kuchomelewa, weka pembeni. Tafuta kibati au namba ya daraja kwenye pingili. Usipoiona, hesabu za mzee hazikuhusu, maana hujui umeshika nini. Na pingili ikae kooni mwa ndoano, ndoano isishike kwa ncha.

Kijana wa Igurusi

Asanteni sana, mzee wangu na mama yangu. Nimetoka yadi sasa hivi. Minyororo mitatu ina namba 8. Wa nne una pingili mbili zilizochomelewa, na ndio nilikuwa naufungia siku zote. Bosi nimemsomea hadithi ya Kawetere kwenye simu, akanyamaza, halafu akasema ninunue miwili na raba. Lobedi inarudi Jumanne, amesema atampigia mwenye mzigo. Swali la mwisho: nikague wapi njiani?

Mzee wa Kitonga

Wamarekani wanataka ukague ndani ya kilomita 80 za mwanzo. Mbeya hadi Chunya ni kama 70, ungefika hujakagua. Wewe simama Isanga kabla ya mlima, maana kutoka Uyole mtambo utakuwa umeshajikalisha na minyororo imelegea. Simama tena juu kabla ya kuteremka upande wa Chunya. Shika kila mnyororo kwa mkono, usiutazame tu. Na wakati wa kushusha, racheti zikiwa zile za mkono mrefu wa kubinua, mpwa wako asisimame kwenye njia ya mkono huo. Ukifyatuka unavunja taya.