Kijerumani, Kiarabu au Kijapani: ni lugha ipi iwekwe kando ya Kiingereza ili muundo wa sentensi yake uonekane?

Mwandaa Masomo

Ndugu zangu, ninaandaa masomo ya sarufi ya Kiingereza kwa watu wazima ambao Kiswahili ndiyo lugha yao ya kila siku, na kuna mahali pamoja ninapoomba tusaidiane. Wanafunzi hawa wana msamiati mpana, na nyakati za vitenzi hawazikosei sana, lakini wakikutana na sentensi kama "The child the teacher saw was crying" wanababaika. Wanaona nomino mbili zimefuatana bila kiungo chochote, kisha vitenzi vikafuata, na karibu kila mmoja hunieleza kwamba mtoto ndiye aliyemwona mwalimu. Nilipowaomba waitafsiri, wengi waliandika "Mtoto aliyemwona mwalimu alikuwa akilia". Nilishika kalamu nisahihishe nikasita, kwa sababu sentensi hiyo ya Kiswahili inabeba maana zote mbili: huenda mtoto alimwona mwalimu, na huenda mwalimu ndiye aliyemwona mtoto.

Naamini chanzo cha tatizo ni kwamba sisi tumezoea kumtafuta mtendaji ndani ya kitenzi. Tukisema "Kikombe alikivunja mtoto", hakuna anayedhani kwamba kikombe ndicho kilichovunja, kwa kuwa a- inamrejelea mtoto na -ki- inakirejelea kikombe, nomino zikae zitakapokaa. Kitenzi cha Kiingereza "saw" hakisemi nani ameona wala nani ameonwa. Linalosema ni nafasi ya nomino peke yake. Ninataka wanafunzi waione nafasi hiyo ikifanya kazi, na njia niliyoifikiria ni kuweka kando ya Kiingereza lugha moja inayoifanya kazi hiyohiyo kwa namna nyingine, na muda nilio nao unatosha lugha moja tu. Nimezipunguza hadi kufikia tatu: Kijerumani, Kiarabu na Kijapani. Mngechagua ipi, na kwa sentensi gani?

Mpenda Vishazi

Mimi ningechagua Kijerumani bila kusita, kwa sababu tofauti inaonekana kwa jicho hata kwa mtu asiyejua neno lolote la lugha hiyo. Andika ubaoni "Der Lehrer sah das Kind", yaani mwalimu alimwona mtoto. Chini yake andika "Das Kind sah der Lehrer". Nomino zimebadilishana nafasi, lakini aliyeona bado ni mwalimu, kwa kuwa "der" inamtambulisha kuwa kiima, yaani mtendaji. Sasa badilisha herufi moja tu, r iwe n: "Das Kind sah den Lehrer". Hapo mtoto ndiye aliyeona. Mwanafunzi akishaiona herufi moja ikibeba mzigo wote huo, atajiuliza mwenyewe ni nini kinachoubeba katika Kiingereza ambacho kina "the" moja tu isiyobadilika.

Faida ya pili ni undugu wa lugha hizi mbili. Kiingereza cha kale nacho kilifanya hivyo: mfalme akiwa kiima aliitwa "se cyning", na akiwa shamirisho, yaani mtendwa, akaitwa "þone cyning". Miisho na vibainishi hivyo vilififia polepole katika karne zilizozunguka mwaka 1066 na zilizofuata, na kadiri vilivyofifia ndivyo mpangilio wa maneno ulivyokazwa. Mabaki yake yapo hadi leo katika "he" na "him", na katika "who" na "whom" kwa wanaoizingatia tofauti hiyo. Wanafunzi wako wanayatumia mabaki hayo kila siku bila kujua ni mabaki ya nini.

Mfasiri wa Jioni

Kwa heshima zote kwa Mpenda Vishazi, ninaona Kiarabu kina jambo ambalo Kijerumani hakina, nalo ni kwamba kinaonyesha kazi hiyo ikihama kutoka chombo kimoja kwenda kingine ndani ya lugha ileile.

Katika Kiarabu sanifu tunasema "ra'a l-mu'allimu l-walada", na neno letu mwalimu mnaliona limekaa pale pale. Kitenzi kimetangulia, mtendaji ana mwisho wa -u, mtendwa ana mwisho wa -a. Ukizigeuza nomino ukasema "ra'a l-walada l-mu'allimu", maana haibadiliki, kwa sababu miisho imemlinda kila mmoja. Lakini yapo majina ambayo mwisho wake haubadiliki. Wanasarufi wa Kiarabu wana mfano wao wa tangu zamani, "daraba Musa Isa", wakimaanisha Musa alimpiga Isa. Hakuna -u wala -a ya kumtofautisha mmoja na mwenziwe, hivyo kanuni inalazimisha kwamba aliyetangulia ndiye mtendaji. Hapo Kiarabu kimegeuka kuwa kama Kiingereza mbele ya macho yako: mwisho umenyamaza, nafasi ikasema.

Wanasarufi haohao wanaendelea na mfano wa pili, "darabat Musa Salma". Musa ametangulia, lakini ile -t ya kitenzi inadai mtendaji wa kike, kwa hiyo Salma ndiye aliyepiga. Hiki ndicho kinachofanywa na a- na -ki- katika mfano wako wa kikombe: kitenzi kimemchagua mtendaji wake. Kwa sentensi tatu fupi umeonyesha njia tatu, yaani mwisho wa nomino, nafasi ya nomino na alama ndani ya kitenzi, wala hukutoka nje ya lugha moja. Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya kila siku miisho hiyo haitamkwi, na maandishi mengi huchapishwa bila alama zake, kwa hiyo itakubidi uiandike kwa herufi za Kilatini na kuipigia mstari.

Mlezi wa Ngeli

Naomba kuuliza swali ambalo halijaulizwa. Kwa nini tunahitaji lugha ya tatu wakati Kiswahili chenyewe kina njia mbili kati ya hizo, yaani nafasi ya nomino na alama ndani ya kitenzi?

Tazameni sentensi tatu. "Kikombe alikivunja mtoto": ngeli zinatofautiana, nomino ziko huru kuhama. "Wazazi aliwaona mtoto": nomino zote mbili ni za watu, lakini moja ni ya wingi na nyingine ya umoja, kwa hiyo viambishi bado vinatenganisha, na kila msikilizaji anajua kwamba mtoto ndiye aliyeona. Kisha njooni kwenye "Mwalimu alimwona mtoto". Nomino zote ni za A-WA, zote ni za umoja, a- yaweza kuwa ya yeyote na -mw- yaweza kuwa ya yeyote. Tunajuaje kwamba mwalimu ndiye aliyeona? Kwa nafasi yake tu. Mwanafunzi anayejua Kiswahili amekuwa akiutumia mpangilio wa Kiingereza tangu utotoni bila kuambiwa. Mwonyeshe kwamba Kiingereza ni lugha ambamo kila sentensi inafanana na hii ya tatu, na hutahitaji kumfundisha "der" wala "darabat".

Nasema haya kwa sababu nimeona mara nyingi masomo ya lugha yakimfanya mwanafunzi aamini kwamba lugha yake ndiyo kikwazo.

Mwandaa Masomo

Ndugu Mlezi wa Ngeli, hoja yako nimeipokea kwa mikono miwili, na sentensi zako tatu zitakuwa mwanzo wa somo, lugha yoyote itakayochaguliwa. Hata hivyo, zinaeleza sentensi sahili tu. Wanafunzi wangu hawakosei "The teacher saw the child". Wanakosea kishazi rejeshi kinapoingia, yaani sehemu ya sentensi inayoieleza nomino kama "the teacher saw" inavyomweleza mtoto, na pale Kiswahili chetu chenyewe kinaigeuza nafasi, kwa kuwa tunasema "kitabu alichokisoma mwalimu", kiima kikiwa nyuma ya kitenzi, wala hatusemi "kitabu mwalimu alichokisoma". Mazoea haya ndiyo yanayowapoteza: katika Kiingereza mwalimu anatangulia kitenzi, katika Kiswahili anakifuata. Ndiyo maana bado natafuta lugha ambayo kishazi rejeshi chake kinaonyesha wazi nani ni nani.

Mwanafunzi wa Kudumu

Ikiwa shida ni kishazi rejeshi, basi jibu ni Kijapani, nami nitaeleza kwa urefu kidogo kwa kuwa sidhani kama kuna jozi ya sentensi inayolifaa somo lako kuliko hii.

Kijapani hukiweka kitenzi mwisho, na baada ya kila nomino huweka kijineno kinachotaja kazi yake: "ga" kwa kiima, "o" kwa shamirisho. Mwalimu ni "sensei", mtoto ni "kodomo", aliona ni "mita". Sasa linganisha:

"Sensei ga mita kodomo": mtoto ambaye mwalimu alimwona.
"Sensei o mita kodomo": mtoto ambaye alimwona mwalimu.

Maneno ni yaleyale, nafasi ni zilezile, kilichobadilika ni kijineno kimoja. Mfano wako mzima ungekuwa "Sensei ga mita kodomo wa naite ita", ambapo "wa" inatangaza kwamba mtoto ndiye anayezungumziwa, na "naite ita" ni alikuwa akilia.

Lakini kilichonivutia zaidi ni kufanana kwake na Kiingereza mahali ambapo hatukutarajia. Hakuna neno la kuunganisha katika "sensei ga mita kodomo". Hakuna amba-, hakuna -ye-, hakuna "who". Kishazi kimebandikwa kwenye nomino moja kwa moja, kama kilivyobandikwa katika "the child the teacher saw". Kiingereza kimekibandika nyuma ya nomino, Kijapani kimekibandika mbele yake, na zote mbili zimeacha kiungo. Mwanafunzi wako anayelalamika kwamba nomino mbili zimefuatana bila kiungo ataona kwamba lugha inaweza kuishi bila kiungo hicho mradi kitu kingine kifanye kazi: Kijapani kina "ga", Kiingereza kina nafasi.

Hata kule kukaa kwa "ga" na "o" baada ya nomino si jambo la ajabu. Mwaka 1963 mwanaisimu Joseph Greenberg alichapisha ulinganisho wa lugha 30 uliotoa kanuni 45 kuhusu mpangilio wa maneno na wa viambishi, na mwelekeo mmoja unaojulikana sana tangu hapo ni kwamba lugha zinazoweka kitenzi mwisho aghalabu huviweka vijineno vyao baada ya nomino, ilhali lugha zinazoanza na kitenzi huviweka kabla yake. Kijapani kiko upande wa kwanza, Kiarabu sanifu upande wa pili.

Mpenda Vishazi

Nimelipima pendekezo la Kijapani kwa kulilinganisha na langu, na ninakiri kwamba limenishinda katika jambo hili. Kijerumani nacho kinatofautisha "das Kind, das der Lehrer sah" na "das Kind, das den Lehrer sah", lakini tofauti hiyo ni ya nomino za kiume tu. Mwalimu akiwa mwanamke na mwanafunzi akiwa msichana, tunapata "die Schülerin, die die Lehrerin sah", na hapo hakuna awezaye kusema kwa sarufi peke yake nani alimwona nani. Ni utata uleule wa "mtoto aliyemwona mwalimu". Nisingependa wanafunzi waondoke wakidhani kwamba Kijerumani kimelimaliza tatizo, kwa hiyo ukikitumia, uitaje sentensi hiyo pia.

Mfasiri wa Jioni

Kabla hamjafunga uamuzi, naomba nafasi niseme jambo kuhusu upande wa Kiswahili, kwa sababu mwanafunzi akishaielewa sentensi ya Kiingereza bado atalazimika kuiandika.

"Mtoto aliyemwona mwalimu" haifai pale muktadha usipotatua utata. Njia ya kwanza ya kutoka ni amba-: "Mtoto ambaye mwalimu alimwona alikuwa akilia". Angalieni kwamba amba- inamrudisha kiima mbele ya kitenzi, na ghafla mpangilio wa Kiswahili unalingana na wa Kiingereza neno kwa neno. Njia ya pili ni kauli ya kutendwa, "Mtoto aliyeonwa na mwalimu", ambayo ni fupi na haina utata. Wapo wahariri wanaoichukia amba- na kuifuta kila waionapo. Sikubaliani nao. Zipo nyakati ambazo haina mbadala, kwa mfano -me-, ambayo haipokei kirejeshi ndani ya kitenzi, na tunalazimika kusema "mtoto ambaye amelia". Na zipo nyakati kama hii ya mwalimu na mtoto, ambapo amba- ndiyo inayomwokoa msomaji.

Amba- ina hatari moja. Mwanafunzi aliyezoea "kitabu ambacho nilikisoma" huandika "the book which I read it", kwa kuwa -ki- inamdai aitafsiri. Mwonyeshe kwamba katika Kiingereza nafasi ya shamirisho huachwa wazi baada ya "read", na nafasi hiyo iliyo wazi ndiyo inayomwambia msomaji kwamba kitabu ndicho kilichosomwa.

Mwandaa Masomo

Nimeamua. Nitaanza na sentensi tatu za Mlezi wa Ngeli, kisha nitaweka jozi ya "sensei ga" na "sensei o" kando ya "the child the teacher saw" na "the child who saw the teacher", na mwisho nitawapa amba- kama daraja la kurudi kwenye Kiswahili. Musa na Isa nitawahifadhia wale wanaosoma Kiarabu, maana wapo kadhaa darasani. Kijerumani nitakiacha kwa somo la historia ya Kiingereza, ambako "se cyning" na "þone cyning" watapata nafasi yao.

Mlezi wa Ngeli

Niongeze ombi moja kuhusu utaratibu. Usianze mazoezi na mwalimu na mtoto. Anza na "The cup the child broke was mine". Kiswahili chake, "Kikombe alichokivunja mtoto kilikuwa changu", hakina utata hata chembe, na kikombe hakiwezi kumvunja mtu, kwa hiyo mwanafunzi ataipata maana sahihi mara ya kwanza. Mwache aipate. Kisha mwombe aweke kidole juu ya "the child" na akuambie neno hilo limekaa wapi likilinganishwa na "broke". Akishasema kwamba limekitangulia kitenzi, futa "cup" uandike "child", futa "child" ya pili uandike "teacher", futa "broke" uandike "saw", na umalizie kwa "was crying". Kidole kibaki palepale.