Naomba ushauri: "Who Killed Captain Alex?" kwa Kiswahili, sauti mbili zinagongana

Wakuu, salaam. Tunaandaa kuonyesha kibanda umiza filamu hii ya Nabwana I.G.G. wa Wakaliga, Kampala (2010), ile ambayo bajeti yake hutajwa kuwa chini ya dola 200. Tumekwama kwenye sauti.

Nakala asilia ilifutwa kwenye kompyuta ili kupata nafasi ya kazi nyingine, ikabaki ya DVD yenye maneno ya VJ Emmie (VJ ni "video joker", msimuliaji anayeongea juu ya filamu). Sauti yake imechanganywa humo humo na milio ya bunduki, kwa hiyo huwezi kumzima peke yake. Na kumzima ni kuiua filamu: utamu wote uko kwake, anavyoshangilia mapigano na kuwatania wahusika.

Mtafsiri wetu akiongea juu yake, yanakuwa makelele. Tukishusha sauti ya filamu hadi nusu, maneno yanasikika lakini mapigano yanapoa. Je, mtafsiri asubiri VJ anyamaze, au tushushe sauti ya filamu pale tu mtafsiri anapofungua mdomo?

Halafu picha: DVD haizidi mistari 576, kwenye kitambaa cha mita 3 inakatika vipande vipande. Mita 2 zitawatosha watazamaji 40?