Betty Shabazz: alipataje udaktari akiwa mjane mwenye watoto sita?

Kalamu_Nyekundu
Wakuu, naandaa wasilisho la dakika 15 kwa wanachuo wa ualimu kuhusu Dk. Betty Shabazz, mjane wa Malcolm X, mwanaharakati wa haki za Wamarekani weusi. Kila ninachofungua kinaanza na risasi zilizomuua Malcolm ukumbi wa Audubon, New York, Februari 1965, kisha kinarukia moto uliomuua Betty 1997. Miaka 32 ya katikati inamalizwa kwa sentensi moja: "alijiendeleza kielimu". Alijiendeleza vipi na watoto sita? Nani alilipa? Na chuoni kazi yake hasa ilikuwa ipi?

Mtaala
Anzia alichokuwa nacho kabla ya ndoa. Alilelewa Detroit na wazazi walezi, Lorenzo na Helen Malloy. Akaenda Tuskegee, Alabama, kusomea ualimu, akahamia uuguzi, kisha ubaguzi wa Kusini ukamshinda akaenda kuumalizia New York. Ndoa ilifungwa Lansing, Michigan, tarehe 14 Januari 1958. Kwa hiyo alipofiwa alikuwa nesi aliyesomea, ila shahada ya ualimu aliiacha njiani. Hiyo ndiyo aliyoirudia.

Mwishoni mwa 1969 alijiandikisha Jersey City State College, akamaliza shahada ya kwanza ndani ya mwaka mmoja, akaunganisha na uzamili wa utawala wa afya. Mwishoni mwa 1972 akaingia Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, kusomea udaktari wa elimu katika uongozi wa elimu ya juu na uandaaji wa mitaala.

Hapa ndipo pa kukaa na wanafunzi wako. Kwa miaka mitatu aliendesha gari kila Jumatatu asubuhi kutoka Mount Vernon, New York, hadi Amherst, na kurudi Jumatano usiku. Pacha wake wa mwisho walikuwa na miaka 7 alipoanza. Tasnifu aliitetea Julai 1975. Iandike ratiba hiyo ubaoni kabla hujasema lolote, maana wengi wakiona "Dk." mbele ya jina la mjane wa mtu maarufu hudhani ni shahada ya heshima. Hii aliisotea.

Daftari_la_Matumizi
Kwenye pesa, anza na nyumba. Hakuachiwa. Ile ya East Elmhurst, Queens, ilikuwa mali ya Nation of Islam, jumuiya ya Waislamu weusi ambayo Malcolm alishajitoa, na mahakama ilishaamuru familia ihame. Usiku wa kuamkia 14 Februari 1965 ikarushiwa mabomu ya petroli. Wiki moja baadaye mume akauawa mbele ya mkewe na mabinti wanne, naye Betty ana mimba ya pacha.

Waliomwinua kwanza ni wanawake wenzake: Ruby Dee, mwigizaji, na Juanita Poitier, mke wa mwigizaji Sidney Poitier, waliunda kamati ya akina mama ya kuchangisha, na nyumba ya Mount Vernon ikapatikana. Halafu mrabaha wa tawasifu ya Malcolm, aliogawana na Alex Haley, mwandishi aliyeiandika na Malcolm, nusu kwa nusu. Ila angalia mfuatano: wachapishaji Doubleday walivunja mkataba baada ya mauaji kwa kuhofia usalama wa wafanyakazi wao, na Grove Press ndio waliokitoa kitabu mwishoni mwa 1965. Usiwape watu picha ya mjane aliyezika mume leo, kesho akaingiziwa hela. Baadaye akaongeza mihadhara vyuoni.

Mtaala
Sawa kabisa. Sasa chuoni. Januari 1976 aliajiriwa Medgar Evers College, Brooklyn, kama profesa mshiriki wa sayansi za afya, upande wa uuguzi. Robo tatu ya wanafunzi walikuwa wanawake, na theluthi mbili ya hao ni mama wenye watoto. Wastani wa umri miaka 26. Yaani alifundisha watu wa ratiba kama yake. Kufikia 1980 alikuwa anasimamia idara, ndipo mkuu wa chuo akamtoa darasani na kumpa ukurugenzi wa maendeleo ya taasisi: kutafuta fedha na kukinadi chuo. Mwaka 1984 wakamwongezea mahusiano ya umma, akabaki hapo hadi kufa. Kwa maoni yangu darasa lilipata hasara, lakini chuo changa kilihitaji jina lake kwenye milango ya wafadhili.

Kosa la kawaida: kusema alikianzisha. Chuo kilianzishwa 1970, na kina jina la Medgar Evers, mwanaharakati wa haki za raia aliyeuawa Jackson, Mississippi, Juni 1963. Mjane wa huyo ni Myrlie, rafiki yake Betty.

Kalamu_Nyekundu
Shukrani, wakuu. Kuna uhusiano wowote na huku kwetu?

Daftari_la_Matumizi
Upo, usiuvute sana. Malcolm alifika Tanzania Oktoba 1964, na Desemba Abdulrahman Babu, mwanamapinduzi wa Zanzibar na waziri wa Tanzania wakati huo, akahutubia Audubon. Safari ile ya Afrika ilichukua miezi, Betty akiwa nyumbani na mimba ya binti wa nne, aliyezaliwa Desemba akaitwa Gamilah Lumumba, Lumumba yuleyule wa Kongo.

Kifo kipe nusu dakika: moto wa 1 Juni 1997 nyumbani kwake Yonkers uliwashwa na mjukuu wa miaka 12, akaungua zaidi ya asilimia 80 ya mwili, akafariki tarehe 23. Jina la mtoto liache. Dakika utakazookoa zipeleke Amherst.